Kamati ya Tabasamu

Hii si ya kale. Ni ya juzi tu, katika nchi moja ambayo siitaji jina kwa sababu haipo, na wewe unayesoma usianze kutazama huku na huku ukidhani ni kwenu. Kwenu hakuna mambo kama haya. Kwenu mtu akitaka pasipoti anaomba leo, kesho anapewa, na afisa anamtakia safari njema. Basi tulia nikusimulie ya wenzako.

Mimi ni mpiga picha. Studio yangu inatazamana na Ofisi Kuu ya Pasipoti, mlango kwa mlango, na kwa mahali hapo namshukuru Mungu kila asubuhi. Sina ugomvi na serikali. Kila serikali inapoongeza utaratibu, mimi naongeza benchi la wateja, na watoto wangu wamesoma kwa mabenchi hayo. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa yachukue kama maneno ya raia mwema mwenye shukrani.

Mambo yalianza pale Waziri wetu wa Utalii, Mipaka na Furaha ya Taifa, Mheshimiwa Profesa Mtunguja, alipokwenda ng'ambo kwenye maonyesho ya utalii. Alikwenda na msafara wa kueleweka: wasaidizi, wapishi, kikundi cha ngoma, mke, na shangazi wa mke ambaye daktari alimshauri abadili hewa. Huko, mzungu mmoja aliyesimama kwenye banda letu kula korosho za bure akamwambia kwamba watu wa nchi yetu wanatabasamu sana. Mzungu akamaliza korosho akaenda zake. Mheshimiwa, jamani, hakupata usingizi. Aliporudi aliitisha waandishi wa habari palepale uwanja wa ndege, akatangaza kwamba baada ya utafiti wa kina wa wataalamu wa kimataifa, nchi yetu imethibitishwa kuwa Nchi ya Tabasamu.

Kuanzia hapo ikawa marufuku kupiga picha ya pasipoti ukiwa umenuna. Zamani tulikuwa tunawaambia wateja wafunge mdomo, watazame mbele, wasicheke. Sasa ikawa lazima meno yaonekane, mashavu yapande, na macho yang'ae kwa mapenzi ya nchi. Na kwa kuwa tabasamu sasa lilikuwa rasilimali ya taifa, tena yenye thamani kuliko madini, ilionekana si busara kumwachia karani alipime peke yake. Ikaundwa Kamati ya Tabasamu. Mwenyekiti akawa Brigedia mstaafu Lutengano, mtu ambaye katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Wajumbe walikuwa daktari wa meno, mlimbwende wa zamani, na shemeji wa Waziri, ambaye utaalamu wake bado unatafutwa.

Sheria haikuishia kwenye picha. Ukifika mpakani, afisa anafungua pasipoti, anaitazama picha, kisha anakutazama wewe. Kama kwenye picha unacheka na mbele yake umenuna, basi wewe si yule wa kwenye picha, na hakuna anayejua ni nani. Unakaa pembeni mpaka ufanane. Wageni nao hawakusahauliwa. Wao picha zao zilikuwa zimenuna, kama kwao wanavyopenda, lakini kuingia Nchi ya Tabasamu kwa uso wa kununa kungekuwa ni kutudharau. Wakajengewa ukumbi wa kujiandaa.

Ukumbi ule niliuona kwa macho yangu. Watu wametoka kwenye ndege, wamekesha angani, watoto wanalia, mzigo mmoja umepotea, halafu anakuja dada mwenye sare na kioo cha mkononi kuwaambia wajaribu tena. Kulikuwa na bibi na babu mmoja wa nchi za baridi, wamekuja kusherehekea ndoa yao kongwe. Meno ya bandia ya babu yalikuwa ndani ya ule mzigo uliopotea, na tabasamu bila meno halikubaliki kisheria. Wakapandishwa ndege ileile kurudi kwao. Bibi aliondoka akiwa amekasirika sana, na hilo nalo likaandikwa kwenye jalada lake.

Basi wageni wakapungua. Hoteli za pwani zikaanza kufunga ghorofa za juu, kisha za chini, mwisho nyani wakawa wanaingia mapokezi na kutoka bila mtu wa kuwauliza. Wapishi wakarudi kijijini, wapagazi wakaenda kuchimba kokoto. Wizara ikaeleza kwamba haya ni mafanikio, kwa sababu sasa tunapata wageni wachache wenye ubora.

Hapo ndipo lilipotokea tatizo dogo. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kumwahidi Rais kwamba kabla ya sikukuu ya taifa nchi itampokea mgeni wake wa milioni moja. Ahadi yenyewe ilikuwa na mhuri, na kwetu kilichopigwa mhuri hakibadilishwi. Wataalamu wakakaa hotelini, ile moja iliyobaki wazi, wakatoka na jibu: kila kinachoingia nchini kupitia geti la mpakani ni mgeni. Likawekwa geti lenye ubao wa taa, kitu kikipita namba inapanda. Wakahesabiwa madereva wa malori, ng'ombe wa mnadani, na kwaya yetu wenyewe iliyokuwa imekwenda kuimba ng'ambo ya mto ikarudi. Namba zikawa zinapanda vizuri kabisa, we acha tu.

Katika hali hiyo nzuri ndipo Mama Zawena alipoingia studio kwangu.

Mama Zawena alikuwa mshonaji wa mapazia na mashuka ya hoteli. Hoteli zilipofungwa, cherehani yake ikanyamaza, na Zawena, binti yake wa pekee, akavuka kwenda nchi jirani kufanya kazi ya kufua kwenye hoteli za huko, ambako wageni wetu walikuwa wamehamia. Alivuka kwa pasipoti ya zamani, ya kabla ya Kamati, yenye picha iliyonuna, naye alikuwa amenuna vilevile, wakafanana. Huko akapata mchumba, akapata mimba, kisha mchumba akapata safari. Sasa mimba ilikuwa imekua, miguu imevimba, presha imepanda, na madaktari wamemlaza. Alikuwa amempigia mama yake simu akasema maneno mawili tu: "Njoo. Naogopa."

Hospitali yenyewe haikuwa mbali. Ukisimama kwenye daraja la mpakani unaliona bati lake. Lakini daraja ni daraja na pasipoti ni pasipoti.

Nikamkalisha, nikamwomba atabasamu. Akajitahidi kwa adabu, kama mtu aliyeombwa sahani ya jirani na hana uhakika iko wapi. Nikapiga. Kamati ikajibu kwamba tabasamu limeishia mdomoni, halikufika machoni. Nikampiga nyingine. Kamati ikasema hili lina mashaka ndani yake. Ya tatu ikarudi na maelezo kwamba mwombaji anaonekana kama mtu anayeomba. Tukajaribu hati ya dharura, maana kwetu ipo, hatukosi kitu. Hati ya dharura inataka tabasamu la dharura, yaani lilelile la kawaida, ila litoke haraka.

Mimi nina mbinu zangu. Nina kofia ya karatasi yenye masikio ya punda, naivaa na kutembea kwa magoti, na hapo nimewachekesha hata wakusanya kodi. Kwa Mama Zawena nilitembea kwa magoti mpaka suruali ikatoboka. Alinitazama kwa huruma, akanishauri nipake mafuta ya karafuu.

Brigedia Lutengano akamwita mbele ya Kamati ili asaidiwe. Mimi niliingia kama mtaalamu wa upande wake. Brigedia, kwa uso wake uleule wa ukuta wa kambi, akamwambia awaze jambo zuri.

"Nawaza nimefika kwa mwanangu," akasema Mama Zawena.

"Vizuri. Sasa mbona hutabasamu?"

"Kwa sababu sijafika."

Kamati ikatazamana. Daktari wa meno akaomba iandikwe kwamba meno yenyewe ni mazuri, hayana kasoro, tatizo ni mwenye meno. Wakaahirisha.

Ikabaki Siku ya Waziri Kusikiliza Wananchi. Siku hiyo Mheshimiwa anapanda jukwaani, anashika kipaza sauti, na wananchi wanamsikiliza. Mama Zawena alisukumana mpaka mbele, akasema shida yake yote, mwanawe, mimba, presha, picha. Aliisema vizuri, bila kulia. Mheshimiwa akasikitika kama waziri. Akasema pasipoti si karatasi, pasipoti ni uso wa taifa, na kwamba yeye ameapa kwa Katiba kuulinda uso huo. "Mama yangu," akasema, "leo nikiupeleka nje uso wako huu, kesho wawekezaji wataniuliza kwenu kuna nini. Niwajibu nini?"

"Wajibu kuna mtu ana mgonjwa."

Mheshimiwa akacheka, akaagiza wasaidizi waliandike lile, nao wakaandika kwamba kero imesikilizwa. Kisha akaondoka mbio kuwahi ndege, maana kulikuwa na maonyesho mengine ya utalii, na shangazi alikuwa ameshatangulia kwenye gari. Pasipoti yake ina picha nzuri kuliko zote nchini. Anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana.

Tuliendelea. Mama Zawena akawa anakuja kila siku, anakaa kwenye kiti, anajaribu. Na kila siku simu ya Zawena ilizidi kuwa fupi. Mwishoni alikuwa anauliza tu, "Wamekubali?" na mama yake anamjibu kwamba wanakaribia.

Siku hiyo nilikuwa na ile kofia ya punda kichwani na nimepiga magoti. Simu ikalia, nikasubiri aipokee. Alisikiliza sana. Kisha akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akaniambia, "Kaka, usipige tena." Aliyepiga simu alikuwa muuguzi. Mtoto amezaliwa, wa kike, mzima. Zawena amekufa.

Roho iliniuma. Nasema wazi, iliniuma, na ile kofia sikujua niivue vipi.

Sasa hapa ndipo utaona serikali yetu inavyoweza kufanya kazi ikiamua. Maiti haina pasipoti, haina picha, na Kamati haina mamlaka juu ya midomo ya marehemu. Kibali cha kumleta Zawena nyumbani kilitoka kabla chai haijapoa. Karani alikuwa mpole, akagonga mihuri yote mwenyewe, akasema kwa marehemu hawana usumbufu. Lakini mtoto alikuwa hai. Aliye hai lazima awe na picha, picha lazima iwe na tabasamu, na kile kichanga kilikuwa kinalia tu. Kikabaki wodini mikononi mwa wauguzi. Mama Zawena naye akaambiwa amsubiri binti yake upande wa huku wa geti, nyuma ya kamba.

Tukaenda kumpokea. Tulipofika tukakuta maturubai, bendi ya polisi, maputo, watoto wa shule wenye vibendera, na Mheshimiwa ndani ya miwani myeusi. Kumbe ubao wa taa ulikuwa umebakiza mgeni mmoja tu ufike milioni. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kupiga picha za sherehe, hilo silifichi, ila nilidhani ni jambo jingine na la kwetu ni jingine.

Likaja gari la hospitali. Dereva alishuka kabla ya geti kusaini karatasi, akaingia kwa miguu kupitia mlango wa watumishi, ambao hawahesabiwi. Askari wa zamu akaliingiza gari kwa kulisukuma na wenzake, na wao pia ni watumishi. Aliyeingia nchini alikuwa Zawena peke yake. Ubao ukawaka milioni, bendi ikalipuka, watoto wakapunga vibendera.

Kijana mmoja wa itifaki alichungulia ndani ya gari, akarudi kwa Brigedia Lutengano amebadilika rangi, akamnong'oneza. Brigedia akafikiri. Akasema hotuba imeshapigwa mhuri.

Basi jeneza likateremshwa, likavishwa shada la maua lililoandikwa Karibu. Mheshimiwa akafungua karatasi yake akasoma, na yeye akianza kusoma hainui macho mpaka amalize.

"Mgeni wetu mpendwa," akasoma, "umetoka mbali, na najua safari ilikuwa na uchovu. Lakini tazameni, ndugu wananchi, jinsi alivyotulia! Hiyo ndiyo hewa ya nchi yetu. Wengine wanasema mipaka yetu ni migumu. Je, huyu tumemsumbua? Ametusumbua? Na sasa nina furaha kutangaza kwamba mgeni wetu ameipenda nchi hii kiasi cha kuamua kubaki moja kwa moja."

Zawadi ya mgeni wa milioni ilikuwa kibali cha kuishi nchini maisha yake yote. Akakiweka juu ya jeneza, akapiga makofi, na bendi ikapiga wimbo wa taifa. Zawena, mtoto wa mtaa wa nyuma ya soko, aliyezaliwa pale na kusoma pale.

Nyuma ya kamba, Mama Zawena akacheka.

Sijui nikwambieje. Hakikuwa kilio kilichopotea njia, kama wengine wanavyosema. Alicheka. Alimtazama Waziri, akalitazama lile shada, akacheka kwa mdomo wote na macho yote, kichwa nyuma, meno yote nje. Nami kidole changu ni cha miaka mingi, kikiona meno kinabonyeza chenyewe.

Kamati yote ilikuwa pale kwenye viti vya mbele. Shemeji wa Waziri akaja kuangalia kwenye kamera yangu, akamwita mlimbwende, mlimbwende akamwita daktari wa meno. Wakasema limefika machoni. Wakasema halina mashaka hata chembe. Brigedia akalipitisha palepale kwa daraja la juu kabisa, la kizalendo, ambalo hadi siku hiyo hakuna raia wa kawaida aliyewahi kulipata.

Pasipoti ililetwa matangani kwa gari lenye king'ora. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, sufuria la maharage liko jikoni, na afisa akamkabidhi mfiwa kwa mikono miwili akampongeza. Kabla tanga halijavunjwa, picha ile ilikuwa imeshabandikwa uwanja wa ndege, bandarini, kwenye mabasi, na mpakani imepigwa kubwa kuliko geti lenyewe: Mama Zawena anacheka, na chini yake maandishi, Karibu Nchi ya Tabasamu. Mimi walinilipa vizuri. Nikaongeza benchi.

Alipomaliza kumzika mwanawe na kuwashukuru majirani, alinijia asubuhi na kikapu cha nguo za kichanga alizozishona kwa mashuka ya hoteli. Akaniomba nimsindikize. Wakisema si yeye, alisema, niwepo niliyepiga.

Zamu ilikuwa ya Koplo Shilinde, kijana mwenye heshima zake. Akamwamkia vizuri, akafungua pasipoti, akaitazama picha. Akatazama bango. Akamtazama Mama Zawena, aliyekuwa amejifunga kanga ya msiba na uso wake umekauka.

"Mama, hufanani," akasema.

"Ndiye mimi."

"Sikatai, mama. Lakini wa kwenye picha anacheka."

Nikajitambulisha kama mtaalamu. Koplo akasema anafahamu, lakini utaratibu ni utaratibu, naye ana mke na watoto. Upande wa pili wa geti walikuwa wamesimama wageni kadhaa wakingoja kuingia, wamechoka, wameshika vioo vyao. Nikaanza kutafuta kofia ya punda mfukoni. Mama Zawena akanishika mkono, akaniambia niache. Alilitazama lile bango, alivyo mkubwa pale juu, kwa kitambo. Kisha akamwuliza Koplo kama ile hotuba ya Waziri anaifahamu.

Koplo alikuwa anaifahamu. Maafisa wote wa mipaka walikuwa wameamriwa kuikariri, na kila asubuhi wanaisema kwa pamoja wakati wa gwaride.

"Nisomee, mwanangu," akasema Mama Zawena.

Koplo Shilinde akabana miguu, akanyoosha mikono ubavuni, akaanza. Mgeni wetu mpendwa. Akapita kwenye safari na uchovu, akapita kwenye hewa ya nchi yetu, sauti yake safi ya kijeshi. Alipofika pale mgeni alipoipenda nchi hii kiasi cha kuamua kubaki moja kwa moja, sauti ilimkwama kidogo, nadhani ndipo alipoelewa, lakini akamaliza. Na Mama Zawena akacheka. Vilevile, kichwa nyuma, meno yote. Wageni walidhani ni onyesho la utamaduni, wakapiga makofi.

Koplo akagonga mhuri bila kuinua macho. Mama Zawena akavuka daraja na kikapu chake, na kabla hajafika katikati alikuwa ameshaacha kucheka na anaongeza mwendo.

Tangu hapo hajarudi. Mimi naendelea vizuri, biashara ipo, na bango lake limebadilishwa mara moja tu, jua lilipolipausha. Madereva wa malori wananiambia mjukuu ameshaota meno mawili na anacheka mchana kutwa, hata na mbuzi. Nikamtumia Mama Zawena ujumbe kwamba kwa tabasamu hilo mtoto sasa anaweza kuombewa pasipoti aje nyumbani, Kamati haitakuwa na la kusema, na picha nitampiga bure.

Hajajibu.